Saa za Treni za Finlandi

Wenzangu wa gishe,

Juma lililopita, nilipokuwa nikikabidhi funguo, Sifa, ambaye kwa maswali hana mpinzani katika stesheni yote ya Kindu, alifungua kile kitabu kikubwa cha zamani cha safari za treni akaniuliza: kwa nini ukurasa mmoja wa wakati wa vita umefungwa kwa wino mpya kuliko kurasa zote zinazoufuata? Nilimwambia nitaandika. Basi naandika, na kwa kuwa mtu aliyestaafu hana wa kumkatiza, nitaanzia mbali.

Niliingia gishe, dirisha letu la kukatia tiketi, nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, mtu wa Kasai, akatua mtaa wa Mikelenge akajenga, nami nikairithi reli kama wengine wanavyorithi pua. Siku yangu ya kwanza nilikata tiketi arobaini, zote kwa tarehe ya jana. Ile mashine ya kugonga tarehe, ambayo siku hizi mnaitumia kuzuia mlango usijifunge, ilitaka izungushwe kila asubuhi kabla hujanywa chai, na mimi nilikunywa chai kwanza. Watu arobaini wakawa wamesafiri jana bila habari. Mkubwa wa gishe, Papa Asumani, hakunigombeza. Alizifuata tiketi zile kwa abiria mmoja mmoja, akasahihisha kila moja kwa kalamu, akatia sahihi mara arobaini, kisha akarudi akakaa.

“Mama Ntumba,” akaniambia taratibu, “treni inaweza kuchelewa. Tarehe, hapana.”

Alikuwa mtu mwembamba, wa zile familia za Kiislamu za Kindu ya zamani, na chini ya kepi ya reli alivaa kofia yake nyeupe ya msikitini. Ukimuuliza ipi ni ya kazi, alisema zote mbili. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika koleo la kutoboa tiketi lisiniumize kidole, kumsikiliza abiria mwenye hasira mpaka achoke mwenyewe, na juu ya yote, kuandika kile kitabu.

Ninyi mnakijua kwa vumbi tu, kwa hiyo nieleze. Treni ikitoka Kindu, unaandika saa ya kutoka. Safu ya pili, ya kufika, unaiacha tupu mpaka stesheni ya mbele ikupigie simu ya njia, ile ya kuzungusha kwa mkono. Na yule wa mbele hana ruhusa ya kusema imefika kwa sababu amesikia honi au ameona kichwa cha treni. Treni huweza kukatika porini, kichwa kikafika peke yake na mabehewa yamelala msituni na watu ndani. Lazima angoje behewa la mwisho lipite, aone ile taa nyekundu ya nyuma, ndipo aseme: “Treni yenu imefika. Nimeona taa ya nyuma kwa macho yangu.” Wewe unarudia maneno yale yale, unauliza saa, unaandika, unapiga mstari kwa rula. Bila maneno hayo ukurasa haufungwi, hata akuombe nani.

Sasa kalenda. Miaka michache kabla ya vita alipita daktari mmoja wa Finlandi, mrefu mpaka akapiga magoti ili tuonane kwenye tundu la gishe. Sanduku lake lilikuwa limepotea. Papa Asumani alilitafuta siku tatu kwa simu ya njia, stesheni kwa stesheni, mpaka likapatikana chini ya magunia ya mchele. Miezi baadaye kikafika kifurushi cha shukrani: kalenda kubwa ya ukutani. Juu yake palikuwa na picha ya treni ndogo nyekundu inapita kando ya ziwa. Ndani, ziwa lilo hilo lilipigwa picha mara nne, katika majira manne ya nchi ile. Na pembeni ya kila tarehe ziliandikwa nyakati mbili kwa tarakimu ndogo, kwa saa za reli, zinazohesabiwa kutoka usiku wa manane. Maneno yake hakuna aliyeweza kuyasoma.

Mtu wa reli akiona treni juu, na chini nyakati mbili kwa kila siku, haulizi. “Hii njo treni ya kwanza,” Papa Asumani akasema, kidole juu ya safu ya kushoto, “na hii njo ya mwisho.” Alivaa miwani, akasogea. “Leo ya kwanza 6.15, kesho 6.12. Dakika tatu! Wanabadilisha saa kila siku, na watu wanajua! Ona reli ya watu wa akili, Mama.”

Nilimuuliza kwa nini wasumbuke kuibadilisha kila siku.

“Wewe iko na uliza,” akanijibu. “Wao wako na tembeza treni.”

Kisha vita vikaingia. Sitaandika mambo ya bunduki. Wengine wameyaandika na wengine wanayaota. Nitaandika treni moja. Papa Asumani alikuwa na mtoto mmoja tu, Zaina, aliyefiwa na mama yake mapema, akakulia kwenye benchi la stesheni akichora mbuzi nyuma ya karatasi zetu zilizoharibika. Alikuwa na miaka kumi na sita. Iliposemekana mji utafungwa, baba yake akakata shauri kumpeleka Kalemie kwa shangazi yake. Nilinyosha mkono nimkatie tiketi, akanisogeza. Aliikata mwenyewe, ya kwenda tu, akaiangalia tarehe mara mbili.

Treni ilitoka saa sita kamili mchana. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya mapaa. Zaina alikuwa dirishani, anapunga kitambaa cha kijani, anaita. Mimi nilimwona. Baba yake hakumwona, kwa sababu wakati huo huo alikuwa ameinamisha kichwa anaandika saa ya kutoka, kama kazi inavyotaka. Alipoinua macho ilikuwa imebaki taa ya nyuma.

Tuliikalia simu. Jioni tuliizungusha sisi wenyewe. Ilikuwa imekufa kama kipande cha ubao. Njia ilikatwa siku ile, na treni nyingine haikupita kwa miaka. Ukurasa ule ukabaki na saa ya kutoka bila saa ya kufika.

Mtaniuliza watu wa gishe wanafanya nini mahali pasipo na treni. Wanakwenda kazini. Kila asubuhi tulifungua mlango, tukazungusha tarehe, tukafuta vumbi. Majani yaliota katikati ya reli, mbuzi ndio wakawa abiria wetu, na hawakuwa wabaya kuliko wengine. Mji ulikuwa umezingirwa. Hakuna aliyethubutu kwenda shamba la mbali, na chumvi ikawa kitu cha kusimuliana. Kutoka dirishani tuliuona mto Lualaba unapita, hauna habari na mtu. Kulikuwa na saa nyingi sana katika kila siku.

Ndipo tulipoanza kusafiri. “Leo tunaenda na majira gani?” alikuwa akiniuliza Papa Asumani, akiishusha kalenda ukutani kwa mikono miwili. Mwaka wake ulikuwa umepita zamani, lakini alisema reli yenye adabu kama ile haiwezi kubadilika ovyo. Alikuwa anagonga meza kwa koleo la tiketi, ta-tak, ta-tak, kwa mwendo wa behewa linalopita kwenye maungio ya reli, na nawaapia, baada ya dakika chache benchi lilianza kutembea. Nilifumba macho. Nilisikia baridi ya dirisha kwenye shavu langu, mimi ambaye sijawahi kuhisi baridi kali kuliko ile ya asubuhi ya kiangazi.

Majira ya barafu kuyeyuka hatukuyachagua kamwe. Picha ilionyesha njia yenye madimbwi, na Papa Asumani akasema, “Matope iko ya kutosha hapa.” Majira ya majani kugeuka manjano na mekundu hayakumpendeza pia: kwetu Maniema mti ukivua majani yote, mtu anakwenda kuchukua shoka. Mimi niliyapenda majira ya baridi. Ziwa lilikuwa limekuwa sakafu, jeupe, na watu wawili wanatembea juu yake. Niliiona Lualaba hivyo hivyo: imelala ngumu toka ukingo huu hadi ule, na mama anavuka ng’ambo kwa miguu, beseni la mihogo kichwani, hana haja ya mtumbwi, na hakuna wa kumsimamisha. Nilikuwa nikivuka naye. Mara nyingi nilifika ng’ambo kabla njaa haijaniamsha.

Yeye alichagua kiangazi chao siku zote, na alichagua kwa saa. “Mwezi wa kumi na mbili, treni ya kwanza 9.24, ya mwisho 15.13. Theluji inafunga njia. Lakini mwezi wa sita, angalia: ya kwanza 3.54, ya mwisho 22.50. Muntu anashuka na ya kwanza, anakaa kando ya ziwa, anarudi na ya mwisho. Hana mbio.” Halafu alikuwa akiilaza kalenda juu ya magoti. Kabla ya kufunga ofisi alikifungua kitabu kwenye ukurasa ule, akautazama, akakifunga. Nilimhurumia mpaka nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Vita vilipotulia, reli ikatengenezwa, treni ya kwanza ikaingia na sherehe na hotuba ndefu kuliko treni yenyewe. Mwaka uliofuata barua ya Zaina ikafika. Alikuwa hai. Treni yao ilikuwa imesimama porini, mbele ya daraja lililoharibiwa. Watu walishuka, wakatembea majuma, wakafika ziwani, lile la Kalemie, wakavuka, na yeye akaishia kambini Tanzania. Huko, siku moja waliulizwa nani anakubali kupelekwa Finlandi. Wengi waliogopa baridi. Yeye alinyosha mkono kwa sababu, aliandika, ile ndiyo nchi pekee ya mbali aliyokuwa ameiona: ilikuwa ukutani kwa baba yake.

Papa Asumani aliisoma barua mara tatu, akalia mbele yangu bila kuficha uso. Nikamletea kitabu, kalamu juu yake. Akakisukuma.

“Barua haina taa ya nyuma, Mama.”

“Lakini mutoto iko mzima!”

“Nashukuru Mungu iko mzima. Lakini sijaona.”

Akastaafu na ukurasa ukiwa wazi, akaniachia gishe na kitabu, na kalenda akaenda nayo nyumbani. Miaka ikapita. Zaina akapata kazi, akapata watoto, akapeleka karatasi ofisi hii na ofisi ile ili baba yake aende kumtembelea. Simu za kuonana sura zilipofika Kindu, zilimkuta Papa Asumani amechelewa: macho yalikuwa yamepata presha. Kwenye kioo cha simu aliona mwanga tu. Daktari wa macho aliyepita mjini alimwambia ukweli: la kushoto limekwisha, la kulia linafuata, labda miezi sita, labda pungufu. Mchana kweupe bado aliweza kusoma sura ya mtu. Jua likizama alipapasa kuta.

Na katika hali hiyo ndipo viza ikatoka. Ilikuwa ya mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, kati kabisa ya baridi yao. Alikuja gishe kwangu na kalenda kwapani ili tumpigie Zaina pamoja, mambo yapangwe kikazi. Niliweka simu mezani, sauti ikasikika chumba kizima.

“Zaina, mwanangu,” akaanza kwa sauti yake ya zamani ya ukubwa wa gishe, “nimeangalia saa za treni zenu. Mwezi huo ya mwisho iko 15.13. Ndege yangu inafika saa kumi. Sasa nitalala wapi?”

“Treni gani, Papa?”

“Ya kalenda! Ya kwanza 9.24, ya mwisho 15.13.”

Halafu tukamsikia anacheka, na kicheko kikageuka katikati yake kuwa kilio.

“Papa, ile haiko treni. Treni huku iko mpaka usiku. Ile njo jua, Papa. Saa jua inatoka, na saa jua inaingia.”

Papa Asumani alinitazama, nami nikamtazama. Miaka yote ile tulikuwa tumepanda jua. Sisi hapa Kindu jua linazama saa kumi na mbili, leo, kesho, na siku ya kiyama. Nani angedhani kuna nchi ambayo hata jua lina ratiba ya kubadilika?

“Basi,” akauliza polepole, “muntu akifunga Ramazani kule mwezi wa sita, anafuturu karibu saa tano ya usiku?”

“Ndiyo, Papa. Na daku anakula mbio.”

Tulicheka sote watatu, na mimi nilikuwa wa kwanza kuacha, kwa sababu niliona alichokuwa bado hajakiona. Kama zile zilikuwa saa za jua, basi mwezi wa kumi na mbili mchana wa huko ni masaa sita, na mtu huyu alikuwa anaona mchana tu. Zaina naye aliliona. “Papa,” akasema, “tuombe viza upya. Mukuje mwezi wa sita. Jua iko hapa siku nzima, mutaniona mpaka muchoke.”

Simu ilipokatika, mzee akaikunjua kalenda juu ya meza, akaiinamia mpaka pua ikagusa karatasi. Mwezi wa sita, masaa kumi na tisa. Mwezi wa kumi na mbili, masaa sita. Maisha yake yote alikuwa amechagua kiangazi. Mwishowe akaninyoshea kalenda kupitia tundu la gishe, kutoka upande wa abiria, upande ambao sikuwahi kumwona amesimama.

“Miye nimechoka kuchagua,” akasema. “Wewe njo mkubwa wa gishe sasa. Nikatie.”

Wenzangu, nimekata tiketi maelfu na hakuna iliyonielemea kama ile ambayo haikuwa tiketi. Nikimwambia sasa, akafika akakuta giza, nitakuwa nimemwibia safari yake moja. Nikimwambia mwezi wa sita, jua litakuwepo, na jicho je? Niliogopa, nasema wazi. Nilitamani baba yangu angekuwa fundi wa kitu kingine.

“Mutaenda mwezi wa kumi na mbili,” nikasema. “Ngoja-ngoja huumiza matumbo, Papa. Jua yao itarudi kila mwaka. Hii jicho, hapana.”

Akauliza, “Na saa yao iko namna gani na yetu?” Nikamwambia nilivyosikia kwa Zaina: katika kiangazi wanaisogeza mbele saa nzima, lakini wakati wa baridi saa zao na zetu ni moja. Uso wake ukang’aa. “Kumbe,” akasema. “Hakuna kurekebisha kitabu.”

Nawaambia mapema ili msinihukumu: mwezi wa sita ulipofika, Papa Asumani alikuwa hatofautishi tena mlango na dirisha. Lakini siku ya kuondoka bado aliona. Sokoni tulimpatia koti la mitumba, zito, zuri, la kike. Alisema baridi haiangalii vifungo viko upande gani. Uwanja wa ndege nilimshika mkono mpaka mlangoni. “Atanichukia, Ntumba?” akaniuliza. “Siku ile hata sikumuangalia.” Nikamwambia mtu hapigi simu miaka yote kwa anayemchukia. Hilo nililiamini nusu.

Siku nne hatukupata habari. Siku ya tano ilikuwa Jumatano, siku isiyo na treni, ila watu walikuwa wamepanga foleni kwa tiketi za kesho yake. Simu yangu ikalia, namba ndefu. Nikainua mkono foleni isubiri.

“Gishe ya Kindu?” Ilikuwa sauti ya kikazi, ile niliyoifahamu tangu nina miaka ishirini na mmoja.

“Ndiyo, gishe ya Kindu.”

Nikasikia anavuta pumzi. Nyuma yake sauti ya mwanamke ilikuwa inasema, “Mukuje karibu na dirisha, Papa. Hapa, mwanga njo mingi.”

“Hapa stesheni ya mbele,” akasema. “Treni yenu imefika.” Sauti ikamkatika, nikangoja, kwa sababu sheria ni kungoja. “Nimeona taa ya nyuma. Kwa macho yangu.”

Nilijua kazi yangu. “Treni yetu imefika,” nikarudia. “Mumeona taa ya nyuma kwa macho yenu. Saa ngapi?”

“13.10.” Halafu akaongeza, si kikazi tena: “Theluji inaleta mwanga, Mama Ntumba. Inatoka chini, inaingia mpaka juu ya uso wa mutoto. Kalenda haikusema hiyo.”

Niliweka simu chini. Nilipanda juu ya kiti, nikashusha kitabu, nikapuliza vumbi, nikafungua ukurasa. Nikaandika 13.10 kwenye safu ya pili, na tarehe ya siku ile pembeni, baada ya kuhakikisha nimeizungusha. Kisha nikachukua rula nikapiga mstari, na machozi yakadondoka nje ya karatasi, nashukuru, kwa sababu wino ulikuwa haujakauka.

Mzee mmoja mbele ya foleni alikuwa ameingiza kichwa katika tundu la gishe, ananitazama. “Mama,” akasema, “leo haiko siku ya treni. Njo gani hiyo imefika?”

“Ya Kalemie,” nikamjibu. “Ilichelewa.”